Karoti Zilizopigwa Randa

Katika mtaa ule alikuwapo seremala mmoja ambaye watu wote walimwita Fundi Kesho, na jina hilo hakupewa kwa kuonewa. Ukimpelekea kiti chenye mguu mbovu, atakipokea kwa mikono miwili, atakigeuza, atakigonga hapa na pale, atakusifia mbao, kisha atakwambia njoo kesho. Ukija hiyo kesho utamkuta anahangaika na mlango wa mtu aliyeambiwa hivyo hivyo mwezi uliopita, naye atakutazama kwa huruma ya kweli kabisa na kukwambia tena njoo kesho. Si kwamba alikuwa mvivu. Kazi yake ilikuwa safi mno, na kazi safi mno haiishi. Kabati lake likikufikia nyumbani droo zinateleza zenyewe, ila wewe utakuwa umeota mvi ukilisubiri.

Mtu pekee aliyeweza kumwambia kazi imekwisha alikuwa mkewe. Alikuwa akija karakanani, anapitisha kiganja juu ya mbao polepole, macho ameyafumba, na akikuta panakwaruza anasema, "Bado hapa." Asiposema kitu, Fundi alijua mteja anaweza kuitwa. Yeye alimwita mkewe Mama Watoto, naye mkewe alimwita Baba Watoto, ingawa watoto wenyewe walishakua na kila mmoja alikuwa na mji wake. Waliobaki ni wao wawili, nyumba ya vyumba vitatu, karakana ya mabati nyuma ya nyumba, na stuli moja ya jikoni yenye mguu uliolegea.

Stuli hiyo ilikuwa imekaa kwenye foleni ya kesho muda mrefu kuliko kitu kingine chochote. Ya wateja yalitangulia, ya nyumbani yangesubiri. Ikasubiri mpaka siku Mama Watoto alipoipanda ili achukue sufuria kwenye rafu ya juu. Mguu wa stuli ukaenda upande wake, mwenyewe akaenda upande wake, na mkono wake wa kulia ukavunjika.

Jioni walipotoka hospitali, baada ya mkewe kulazwa siku kadhaa, Fundi hakuvua hata viatu. Aliichukua ile stuli, akaitia gundi, akaipigia kabari, akaipiga msasa, kisha akapanda juu yake na kurukaruka kama mtoto. Haikutikisika. Mama Watoto alisimama mlangoni, mkono umefungwa plasta nzito nyeupe mpaka juu ya kiwiko, akimtazama.

"Kumbe ilikuwa kazi ndogo tu," alisema.

Hakuongeza neno. Fundi alitamani angeongeza, angemgombeza mpaka achoke yaishe, lakini mwanamke yule hakuwa mtu wa kukupa nafuu ya namna hiyo.

Basi habari zikamfikia dada mkubwa wa Mama Watoto. Huyo alikuwa ameongoza bweni la wasichana maisha yake yote ya kazi, na ingawa alishastaafu watu waliendelea kumwita Matroni, naye aliendelea kuitika. Alipiga simu, na Fundi akafanya kosa la kuipokea.

"Shemeji, mgonjwa anakula nini?"

"Anakula, Shemeji."

"Nimekuuliza nini. Sijakuuliza kama anakula."

Fundi akakohoa. Jana yake alikuwa amejaribu kupika wali. Aliuinjika vizuri tu, akatoka mara moja kuangalia gundi karakanani, na aliporudi wali ulikuwa umegeuka mkaa na pazia la jikoni limeungua upindo. Chakula walicholala nacho kilitoka kwa jirani. Yote hayo Matroni alikuwa ameyajua kabla ya kupiga simu. Watu wa aina yake huuliza ili wakusikie ukibabaika.

"Sasa nisikilize," akasema. "Jumapili mchana nakuja. Nikikuta mezani kitu kimoja, kimoja tu, ulichotengeneza kwa mikono yako na kinalika, mdogo wangu atabaki kwako. Nisipokikuta, naondoka naye mpaka mfupa uunge, hata kama ni miezi mitatu. Na yeye asikusaidie hata kukoroga."

Fundi alisema sawa, maana kwa Matroni hakukuwa na jibu jingine. Alipoiweka simu akageuka na kumkuta mkewe kwenye kochi, amesikia kila neno, kwa sababu Matroni alizungumza kwenye simu kama anaita wasichana kutoka ng'ambo ya uwanja. Alitaka kumwambia usiende. Neno lilipanda mpaka likafika kwenye meno.

"Dada yako anakusalimia," ndicho kilichotoka.

"Nimemsikia," alisema Mama Watoto.

Asubuhi iliyofuata Fundi alikuta sanduku limesimama kando ya mlango wa sebule. Alilijua kama anavyojua uso wake. Lilikuwa sanduku la safari la mbao nyepesi, pembe zake za shaba, alilomtengenezea mkewe mwaka waliooana. Katika maisha yake yote ilikuwa ndiyo kazi pekee aliyoimaliza kabla ya siku aliyoahidi. Sasa lilikuwa limefungwa, kufuli dogo linaning'inia. Alijiuliza mkewe amelitoaje uvunguni kwa mkono mmoja, lakini hakuthubutu kuuliza, wala kuligusa. Kuanzia siku hiyo kila alipopita mlangoni alipita kiubavuubavu, macho juu, kana kwamba hapakuwa na kitu.

Mambo yakawa ni hayo: apate chakula kimoja kabla ya Jumapili, au abaki na nyumba ya vyumba vitatu peke yake.

Moto alishakatazwa na mkewe tangu siku ya pazia, na alijua alistahili kukatazwa. Akawaza mikate, akawaza matunda, lakini kununua si kutengeneza. Aliyemwokoa ni mkewe, na wala hakujua kama anamwokoa, au ndivyo Fundi alivyodhani wakati ule. Mama Watoto alikuwa akilalamika juu ya chakula cha hospitali.

"Uji asubuhi, uji mchana, viazi vilivyopondwa jioni. Yaani meno yalikuwa likizo. Nina hamu ya kitu kibichi, Baba Watoto. Kitu kikiingia mdomoni kinalia."

"Kama nini?"

"Kama saladi ya karoti," alisema, akaendelea kutazama nje dirishani.

Fundi alifurahi mpaka akasahau kupita kiubavu, akajikwaa kwenye sanduku. Karoti! Kitu kigumu, kirefu, kina maganda ya kutoa na umbo la kunyoosha. Huu si upishi, alijiambia, huu ni useremala.

Ijumaa akaenda sokoni. Alizichagua karoti kama anavyochagua mbao: aliinua moja moja, akafumba jicho moja, akaitazama kwa urefu wake kuona kama imepinda, akaigonga kwa kucha asikie mlio. Zenye vifundo alizirudisha. Mama muuza mboga alimvumilia mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Baba, unanunua karoti au unatafuta nguzo za nyumba?"

"Naangalia iliyonyooka."

"Ikifika tumboni nani atajua kama ilinyooka?"

"Mimi nitajua," alisema Fundi kwa heshima zote, akaendelea kupima.

Alirudi na kapu la karoti ambazo huenda hakuna soko lililowahi kuuza zilizonyooka namna ile. Na hapo ndipo alipofanya lile kosa ambalo mpishi hawezi kulifanya hata kwa kulipwa. Kila seremala anajua kwamba mbao mbichi haipigwi randa. Ina maji, itapinda, itapasuka, itakuaibisha kwa mteja. Mbao lazima ikauke kwanza. Fundi akazimenya karoti zake, akazifuta kwa kitambaa safi, kisha akazipanga juu ya chaga ya kukaushia karakanani, safu juu ya safu, na kati ya safu akaweka vijiti vyembamba ili hewa ipite. Alizifunika kwa chandarua kuzuia nzi. Alipomaliza alisimama mbali kidogo akazitazama, na moyo wake ukawa mweupe. Mabati ya karakana yalikuwa yanachemka kwa jua. Joto zuri sana, aliwaza. Jumapili zitakuwa zimeiva.

Jumapili aliamka mapema, akaoga, akavaa shati safi. Alikuwa na randa moja ndogo, zawadi ya mwanawe, ambayo haikuwahi kugusa mbao kwa sababu alikuwa akiionea huruma. Aliitoa kwenye boksi lake, akaiosha kwa sabuni na maji ya moto ya kwenye chupa ya chai, akaisuuza kwenye beseni la maji baridi ya mtungini mpaka ikang'aa. Akamwaga maji yale, akajaza mengine. Kisha akafunua chandarua na kuchukua karoti ya kwanza.

Karoti ikalala mkononi mwake. Aliishika shina, ncha ikaning'inia kama mkia wa mbwa aliyekaripiwa. Akachukua ya pili, ya tatu. Zote zilikuwa zimenywea, ngozi imekunjamana, unaweza kuzifunga fundo.

"Mungu wangu," alisema Fundi.

Hata hivyo alijaribu. Aliiviringisha moja kwenye kitambaa, akaibana kwenye jiliwa, akasukuma randa. Randa ikakwama. Akasukuma tena, ikatoa utepe mmoja uliolegea kama kamba ya kiatu, akautia mdomoni, ukatafunika kama kipande cha shati. Hasira zikampanda. Akasukuma mara kadhaa tena, kisha akakusanya tepe zote alizozipata na kuzitupia kwenye beseni la maji, akakaa juu ya gogo, mikono kwenye mashavu.

Soko Jumapili lilikuwa limefungwa. Matroni alikuwa njiani, na Matroni hakuwahi kuchelewa popote tangu azaliwe. Fundi alifikiria ile miezi. Hakufikiria njaa, jirani asingemwacha afe. Alifikiria karakana bila mtu wa kuja kupitisha kiganja. Atamaliza vipi kabati la mtu, kama hakuna wa kumwambia bado hapa? Atanyamaza na nani jioni? Maana wao wawili walikuwa hodari sana wa kunyamaza pamoja, na kunyamaza peke yako ni kitu kingine kabisa. Aliogopa, na alikiri moyoni kwamba anaogopa.

Alipoinuka kwenda kumwaga yale maji, alishangaa. Zile tepe hazikuwa zimelala tena. Zilikuwa zimejikunja na kujiviringa, zimesimama ndani ya maji zikiwa na rangi kali, sawasawa na maranda yanayoruka kwenye mbao nzuri. Akatoa moja, akaing'ata. Ikalia: kacha!

Fundi alicheka peke yake kwa sauti. Maisha yake yote maji yalikuwa adui. Amefukuzana nayo kwenye mapaa, amegombana na wateja wanaoosha meza kwa ndoo, na leo maji hayohayo ndiyo yamefufua maiti! Alikimbilia mtungini. Akazitumbukiza karoti zote kwenye maji baridi, akayabadilisha yalipoanza kupata joto, akawa anazikagua kila mara kama daktari anayepita wodini. Zilipoanza kukaza akazitoa moja moja, akazibana, na sasa randa ikaimba. Tepe ndefu, nyembamba kiasi cha kupitisha mwanga, zikaruka na kujikunja mpaka beseni likajaa.

Mama Watoto alikuwa barazani, na sauti ya randa ilimfikia.

"Baba Watoto! Leo Jumapili unapiga randa nini?"

"Chakula!" alijibu Fundi.

Kisha sauti ya mkewe ikaja tena, kubwa kuliko ilivyohitajika: "Chumvi isitangulie! Ukiiweka mapema karoti zitatoa maji zote zilegee!"

"Si umekatazwa kunisaidia?"

"Nani anakusaidia? Naongea na jirani."

Jirani hakuwapo. Alikuwa ametoka tangu asubuhi, na Fundi alijua hivyo, lakini kichwa chake kilikuwa kwenye vitunguu. Alivikata vyembamba huku machozi yakimtoka, akakamua ndimu, akachambua giligilani, akaponda karanga za kukaanga kwa nyundo juu ya kitambaa safi. Mafuta kidogo. Chumvi akaificha mbali kabisa, asije akajisahau.

Matroni aliingia getini saa ileile aliyosema. Alimpa mdogo wake mkono wa pole, akaukagua ule wa plasta, akalitazama sanduku mlangoni, akaguna. Alipoonyeshwa kiti aliketi kwenye ile stuli ya jikoni kwa makusudi, akajitikisa kulia na kushoto. Stuli haikumpa neno la kusema.

"Haya," alisema. "Tuone."

Fundi akanyunyiza chumvi, akachanganya kwa mikono iliyooshwa, akaleta bakuli. Aliweka na mkate, na maharage ya jirani pembeni, akaeleza mapema kuwa maharage si yake. Matroni alichota kidogo sana, kiasi cha mtu anayeonja dawa.

Kacha.

Aliacha kutafuna. Macho yakamzunguka. Huyu ndiye mwanamke aliyewafundisha wasichana wa miaka yote kwamba mtu mwenye adabu hasikiki akila. Akajaribu kutafuna polepole. Kacha, kacha. Akaona hakuna namna, akachota tena, safari hii kijiko kimejaa. Mama Watoto naye alikuwa ameshaanza, kwa mkono wa kushoto, tepe nyingine zikimwangukia kifuani, anacheka mdomo umejaa. Chumba kizima kikawa mlio mtupu wa meno.

"Hizi umezikata na nini?" Matroni aliuliza alipopata nafasi.

"Nimezipiga randa."

"Umezipiga nini?"

Fundi akaenda kuileta. "Ilikuwa mpya, Shemeji. Haijawahi kugusa mbao. Na sasa haitagusa tena."

Matroni aliigeuzageuza ile randa, akaiweka mezani, akajipangusa midomo.

"Ahadi ni ahadi. Inalika, na inalika vizuri," alisema. "Lakini mtu hawezi kuishi kwa karoti kama sungura mpaka mfupa uunge. Kwangu kuna kitanda cha wageni, kuna mtu wa kupika. Halafu mdogo wangu, nimekuta umeshafunga sanduku. Kwa hiyo niambie mwenyewe. Unabaki au tunaondoka?"

Mama Watoto aliweka kijiko chini.

"Mwulize mwenye nyumba," alisema. "Mimi sijasikia mtu akiniambia nibaki."

Wanawake wawili wakamgeukia Fundi. Jasho likamtoka.

"Sasa zile karoti?" alisema. "Nimezichagua moja moja, nimezianika, nimezifufua, nimelia kwa vitunguu. Unadhani nilikuwa nasema nini?"

"Sijui. Karoti haina mdomo."

Fundi alitazama mikono yake. Kisha akamtazama mkewe.

"Usiende," alisema, na alipokwisha kulisema la kwanza mengine yakafuata yenyewe. "Ile stuli ningeitengeneza zamani, hilo nalijua, na mkono wako siwezi kuurudisha kwa gundi. Nimeona aibu hata kukwambia pole. Pole, Mama Watoto. Ukiondoka, nitakuwa namaliza kazi za watu na sijui kama zimekwisha. Nitakaa jioni nasikiliza bati. Sitaki. Chakula nitajifunza, nikiungua niungue. Baki. Na sisemi kesho, nasema leo."

Matroni aligundua kitu cha kuangalia dirishani. Mama Watoto aliinamisha kichwa akachezea kijiko, na aliposema sauti yake haikuwa imetulia.

"Haya basi. Lirudishe sanduku ndani."

Fundi hakungoja kuambiwa mara mbili. Alilifikia sanduku, akainama, akatanua miguu kama mtu anayebeba kabati, akavuta kwa nguvu zake zote. Nusura aanguke chali. Sanduku lilipaa mpaka kifuani pake, na mikono yake ikatambua papo hapo uzito ule, maana mbao zile alizipasua yeye, akazipiga randa yeye, na pembe zile za shaba alizipigilia yeye. Ulikuwa uzito wa sanduku peke yake.

"Mama Watoto. Humu hamna kitu."

"Kutakuwa na nini?" alisema mkewe. "Nguo hukunjwa kwa mikono miwili."

Matroni aliangua kicheko mpaka ile stuli ikajaribiwa kwa kweli. "Yaani umenitoa kote kule! Na nimekuja na kanga ya kukufunikia njiani!"

"Siku zote hizi linanitoa jasho," alisema Fundi, bado amelikumbatia. "Na kama nisingesema?"

"Ungesema," alisema Mama Watoto. "Sanduku hilo ndiyo kazi pekee uliyowahi kuimaliza mapema. Nilijua ukilitazama vya kutosha utakumbuka ulikuwa na haraka ya nini."

Fundi alibaki amesimama na sanduku lake mikononi. Mkewe akasukuma sahani mbele kwa mkono wa kushoto.

"Sasa niongezee saladi. Na safari hii, Baba Watoto, chumvi usiibanie."